UZI: Nimemtengenezea wakala wa AI chombo cha kutafuta data za ETF, nipo Mwanga Kigoma, njooni mkosoe

#1 (mleta uzi)

Wakuu salaam. Naandikia hapa Mwanga, Kigoma mjini, umeme ulikatika toka asubuhi na laptopu ina asilimia 41, kwa hiyo mkiona nimekata kauli katikati msinione nina dharau.

Nianze na kisa. Tuna kikundi cha kuweka na kukopa, watu 14, wengi ni watu wa dagaa pale Kibirizi, mimi ndo mwandishi wa daftari kwa sababu tu ni "kijana wa kompyuta". Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 watu walikaa miezi mitatu wanaangalia mitumbwi imepinduliwa mchangani, na hapo ndo maneno ya kutafuta hela inayofanya kazi hata ziwa likilala yalipoanza. Vipande vya UTT, ile mifuko ya uwekezaji wa pamoja, baadhi walikuwa navyo tayari. Mmoja wetu ana mdogo wake yuko nje, akaja na habari ya ETF (mifuko ya uwekezaji inayouzwa sokoni kama hisa), kila kikao ETF. Mama mdogo wangu ndo mweka hazina, akanigeukia: "We si una hiyo AI yako, iulize basi tusikie."

Nikaiuliza mbele ya watu. Nikataka makato ya mwaka ya mifuko mitatu inayofuata S&P 500 (orodha ya makampuni makubwa kama 500 ya Marekani), yaani SPY, IVV na VOO. Ikajibu fasta, jedwali safi kabisa. Mama mdogo akasema uliza tena. Nikafungua mazungumzo mapya, swali lilelile, namba moja ikabadilika. Kikao kikawa kimya. Mama mdogo akasema, "Huyu ni kama mpima debe wa mwaloni, akinunua kwako debe halijai, akikuuzia limejaa."

Aisee niliumia. Ila alikuwa sahihi. AI ukiiuliza hivihivi inajibu kwa kumbukumbu, ilisoma maandishi mengi huko nyuma na sasa inakutungia kinachofanana na jibu. Kwenye shairi hakuna shida, kwenye hela ya watu 14 ni kimeo. Namba zenyewe ni hizi: SPY inakata asilimia 0.0945 kwa mwaka, IVV na VOO kila mmoja 0.03. Kwenye dola 1,000 SPY anachukua kama senti 95, hao wengine senti 30. Hela ndogo, lakini mifuko yote mitatu inafuata orodha ileile ya makampuni, kwa hiyo ukikosea namba hiyo umekosea karibu kitu pekee kinachowatofautisha kwa mtu anayenunua na kukaa.

Basi nikakaa wiki kama tatu usiku usiku nikaandika chombo. Kinatumia MCP, ule utaratibu ambao Anthropic waliutoa Novemba 2024 wakauacha wazi kila mtu autumie. Kwa lugha ya nyumbani ni hivi, chombo chako kinajitambulisha kwa wakala wa AI (yaani AI inayoweza kuita vyombo yenyewe), kinasema mimi kazi zangu ni hizi na hizi, ukinipa jina la mfuko nakupa hiki, alafu wakala mwenyewe akiona swali linahitaji, anakiita. Ujumbe unapita kwa JSON-RPC, njia ya kawaida ya programu kutumiana maombi, hakuna uchawi. (Wakala ninayemsema hapa sio wa kutoa na kuweka hela pale stendi, msije mkaniuliza salio.)

Changu kina kazi nne tu: kutafuta mfuko kwa jina au alama yake ya sokoni, kusoma taarifa za mfuko, kuonyesha vilivyomo ndani, na kulinganisha miwili. Hakinunui, hakiuzi, hakimwambii mtu anunue nini. Data za mifuko ya Marekani nazitoa kwenye EDGAR, hifadhi ya taarifa ya SEC (mdhibiti wa masoko ya hisa kule), ni bure, sharti lao kila ombi ujitambulishe we ni nani na usizidishe maombi 10 kwa sekunde. Mifuko inapeleka fomu inaitwa N-PORT yenye orodha ya kila walichoshika. Za mifuko iliyosajiliwa Ireland nachukua faili ambalo mwenye mfuko anaweka mwenyewe kwenye tovuti yake.

Na kila jibu linalotoka lazima liwe na vitu viwili, limetoka wapi na ni la tarehe ngapi. Kikikosa kimojawapo chombo kinarudisha neno moja: SINA. Hiyo SINA ndo imenichukua muda kuliko vyote, ntaeleza. Karibuni mkosoe, kiroho safi.

#2

Mkuu heshima yako. Sasa hiyo ETF na UTT si kitu kimoja? Mimi nina vipande vya mfuko wa Umoja wa UTT toka nikiwa chuo, naona ni walewale.

#3 (mleta uzi)

Wanafanana tumbo, mlango tofauti. Kote kuwili hela za watu wengi zinakusanywa zinanunua vitu vingi, wewe unashika kipande. Umoja ambao ulianza 2005 unanunua kwa meneja na unamrudishia meneja, kwa bei inayotoka kwenye thamani ya vilivyomo siku hiyo. ETF iko sokoni kama hisa, unanunua kwa mtu mwingine mwenye nayo, bei inacheza dakika kwa dakika.

Chukulia gunia la dagaa pale Kibirizi. Ndani kuna dagaa wenyewe, wana thamani yao ukiwapima. Ila gunia linavyouzwa sokoni linaweza kupanda kidogo juu ya thamani hiyo au kushuka kidogo chini. Kwenye ETF kuna wafanyabiashara wakubwa wameruhusiwa kupeleka hisa zenyewe kwa mwenye mfuko wakapewa vipande vipya, au kurudisha vipande wakapewa hisa. Bei ikipanda sana juu ya thamani wao wanatengeneza vipande wanauza, inashuka. Ikishuka sana wananunua vipande wanavirudisha. Ndo maana haviachani mbali. Kwa hiyo chombo changu kinatoa namba mbili, bei na thamani, na hapo AI nyingi zinachanganya hizo mbili kama ni moja.

#4

Sasa tovuti za kuchuja ETF ziko kibao na za bure, unaandika alama yake unapata kila kitu na michoro juu. Naona umetengeneza jiko la kuchemshia maji wakati chai ipo mezani. Sio kwa ubaya.

#5 (mleta uzi)

Sio kwa ubaya hata kidogo, na ukiwa unajua unachotafuta tovuti inatosha, mimi mwenyewe naenda huko. Shida ni mtu asiyejua aulize nini. Mama mdogo hawezi kuandika "expense ratio" (makato ya mwaka) kwenye kisanduku, na hizo tovuti zote ni Kiingereza. Yeye swali lake lilikuwa hivi, nanukuu kwenye kumbukumbu za chombo: "tukinunua hiyo SPY na hiyo VOO si tumetawanya hela, moja ikizama nyingine inaelea?"

Wakala alifanya nini. Aliita kazi ya kulinganisha, mara moja. Ikarudisha kwamba yote inafuata faharasa (orodha ya makampuni) moja ya S&P 500, kampuni ni zilezile, uzito karibu uleule. Jibu likaja kwa Kiswahili, kwamba hapo hujatawanya, umenunua kitu kimoja kwa wauzaji wawili. Mama mdogo akasema sasa hapo amenena, ni sawa na kuweka dagaa kwenye magunia mawili ndani ya mtumbwi mmoja. Tovuti ingempa kurasa mbili nzuri zenye michoro, hiyo sentensi asingeipata.

#6

Nipo Tabora mkuu, naandika programu pia, nakupa tano. Swali la kiufundi: kile cha kuonyesha vilivyomo, unarudisha orodha nzima? Mfano VTI, mfuko wa soko lote la hisa la Marekani, ina hisa zaidi ya 3,000. Ukimtapikia wakala mistari 3,000 unamjaza kichwa, anaanza kusahau hata swali, na tokeni (vipande vya maneno ambavyo AI inakutoza) unalipa wewe.

#7 (mleta uzi)

Umenigusa kidonda. Siku ya kwanza nilirudisha orodha nzima ya VTI, na jina la kila kampuni, na nambari zake zote za utambulisho, na thamani kwa dola hadi senti. Wakala akameza yote alafu akajibu swali la mfuko mwingine kabisa! Na bando langu la siku likaisha kabla ya saa nne asubuhi.

Sasa hivi kinarudisha kumi za juu, jumla ya hisa zote ni ngapi, na hizo kumi zinabeba asilimia ngapi ya mfuko. Akitaka zaidi anaomba ukurasa unaofuata. Akitaka kujua kampuni moja tu ipo au haipo anataja jina, anapewa mstari mmoja.

Kitu kingine nilichokuja kukigundua kwa kuchelewa, yale maelezo unayoandika juu ya kila kazi ya chombo ndo anayosoma wakala kuamua aite ipi. Mwanzo niliandika kizembe, "hutafuta ETF", basi akawa anaiita hata mtu akimsalimia. Nikaandika vizuri, itumie ukiwa na jina au alama ya mfuko na hujui ni upi hasa, usiitumie kwa hisa za kampuni moja. Akatulia. Nimebadilisha hayo maneno mara nyingi kuliko nilivyobadilisha programu yenyewe.

#8

Eleza hiyo SINA bwana, umetuacha njiani.

#9 (mleta uzi)

Haya. Visa viwili.

Cha kwanza ni alama META. Leo META ni kampuni yenye Facebook. Lakini kabla ya Juni 2022 alama hiyo haikuwa yao, ilikuwa ya ETF moja ya kampuni ya Roundhill ya mambo ya metaverse, ikaachia alama mapema mwaka huo ikahamia METV. Sasa maandishi ya zamani mtandaoni yanasema META ni ETF na maandishi mapya yanasema META ni hisa, na AI imesoma yote. Chombo changu cha kwanza kilikuwa kinatafuta jina linalokaribia, kwa hiyo ukiuliza META kinakuletea METV na wakala anajibu kwa kujiamini kama vile ndo ulichouliza. Sasa hivi kinajibu: ETF yenye alama META kwa leo SINA, iliyowahi kutumia alama hiyo ni hii, unataka hiyo? Na sio huyo tu, QQQ, ETF inayofuata faharasa ya Nasdaq-100 (kampuni kubwa za soko la Nasdaq, Marekani), nayo kati ya 2004 na 2011 ilikuwa inaandikwa QQQQ.

Cha pili kilinitia aibu zaidi. Kuna mfuko wa iShares wa S&P 500 umesajiliwa Ireland, uleule mmoja unauzwa London kwa dola kama CSPX, London hiyohiyo kama CSP1, na Ujerumani kwa yuro kama SXR8. Nikamuuliza wakala bei ya CSP1, akasema kipande kimoja ni pauni elfu arobaini na kitu. Nikaenda nayo kikaoni hivyohivyo bila kufikiria, yaani nilikuwa nimezoea kuiamini. Mzee mmoja fundi wa injini za mitumbwi akauliza, "Pauni ngapi? Huyo anayenunua kipande ananunua na meli?" Kumbe London bei nyingi zinaandikwa kwa peni na peni 100 ndo pauni moja. Data ilikuwa sahihi, kipimo sikukipitisha, mfuko wa mamia ya pauni nikaufanya wa maelfu. Tangu siku hiyo bei isiyo na sarafu na kipimo chake haitoki, inatoka SINA.

Ugumu wa SINA ni kwamba wakala haipendi. Akipewa SINA kavu anarudi kwenye kumbukumbu zake anakutungia kimyakimya. Ikabidi SINA ije na maneno: usikisie, mwambie aliyeuliza kwamba data haipo kwenye chombo hiki, na mwambie aende kuangalia wapi. Hapo ndo anatii, sio mara zote lakini mara nyingi.

#10

Mwakeye wakuu, Kasulu hapa. Sisi huku kuna kundi la WhatsApp linauza "ETF ya kimataifa", asilimia 2 kwa siku, na wametupa mpaka namba ndefu ya utambulisho kwamba imesajiliwa. Mke wangu ameshaweka laki mbili. Chombo chako kinaweza kuangalia?

#11 (mleta uzi)

Kaka kwanza msiongeze hata shilingi. Asilimia 2 kwa siku hakuna ETF inayoahidi hivyo, ETF haiahidi chochote, inafuata ilichoshika tu, kikishuka nayo inashuka.

Hiyo namba ndefu itakuwa ISIN, ina tarakimu na herufi 12. Herufi mbili za mwanzo ni nchi, ya mwisho ni ya kukagua. Nikuonyeshe kwa ya VOO ambayo ni US9229083632. Herufi unazigeuza namba, A ni 10 mpaka Z ni 35, kwa hiyo U ni 30 na S ni 28. Inakuwa 3 0 2 8 9 2 2 9 0 8 3 6 3, ile 2 ya mwisho umeiweka pembeni. Anzia kulia, moja unaizidisha mara mbili, inayofuata unaiacha, hivyo hivyo mpaka mwisho, ikizidi 9 unatoa 9. Ukijumlisha unapata 68. Ongeza ile 2, unapata 70. Ikigawanyika kwa 10 imeandikwa sawa. Mtu akikosea akaandika 8 badala ya ile 3 ya mwisho inakuja 71, chombo kinaikataa kabla hata ya kwenda mtandaoni.

Lakini sikiliza vizuri hapa, namba ikipita maana yake ni kwamba namba imeandikwa sawa. Tapeli anaweza kunakili ISIN ya kweli ya mfuko wa kweli akakubandikia kwenye kundi lake. Mfuko upo, ila hela yenu haijaenda huko. Nitumie hiyo namba PM, ila hela ulizeni kwanza imepokelewa na nani.

#12

Kasulu pole sana ndugu. Mleta uzi naomba niongeze la kodi maana watu wanalisahau wanakimbilia makato ya 0.03. Sisi hatuna mkataba wa kodi na Marekani, kwa hiyo gawio la mfuko uliosajiliwa kule linakatwa asilimia 30 hata kabla hujaliona. Mfuko wa Ireland unaoshika hisa zilezile za Marekani wao ndani wanakatwa 15 kwa sababu Ireland wana mkataba. Na kuna kodi ya mirathi kule kwa mgeni mwenye mali za Marekani zaidi ya dola 60,000, najua wengi hapa hatufiki huko ila ijulikane. Kwa hiyo CSPX ya 0.07 inaweza kukuachia nyingi kuliko VOO ya 0.03. Chombo chako kinaonyesha mfuko umesajiliwa nchi gani?

#13 (mleta uzi)

Mkuu umeongea kitu kikubwa. Kinaonyesha, lakini nilikuwa nimeiweka chini kabisa kama mapambo, karibu na jina la mkaguzi. Naipandisha juu leoleo iwe mstari wa pili baada ya jina. Na pembeni yake naweka kama mfuko unagawa gawio au unalirudisha ndani, maana CSPX inarudisha ndani na VOO inagawa, ukilinganisha bei tu za miaka kumi unamuonea anayegawa.

#14

Na TQQQ? Dogo wangu ananiambia ni Nasdaq mara tatu, ukisubiri lazima utoke.

#15 (mleta uzi)

Ni mara tatu ya SIKU MOJA, sio ya mwaka. Faharasa ikiwa 100 ikashuka asilimia 10 inakuwa 90, kesho ikipanda asilimia 11.1 imerudi 100. Ya mara tatu inashuka 30 inakuwa 70, kesho inapanda 33.3 inakuwa 93 na kidogo. Faharasa imerudi nyumbani, wewe umebaki njiani na 7 zimekwenda. Chombo kikikuta neno la mara tatu kwenye jina kinabandika onyo hilo kwenye jibu, wakala hawezi kulikwepa. Mwambie dogo apige mwenyewe kwa kalamu.

#16

Data za fomu ya SEC si zinachelewa? Naona unazisifia tu.

#17 (mleta uzi)

Zinachelewa kweli, zinazoonekana kwa umma ni za mwisho wa robo mwaka na zinakuja siku 60 baada ya hapo. Ndo maana tarehe inakaa kila mahali. Ukitaka za jana nenda tovuti ya mwenye mfuko, kanuni ya SEC ya 2019 inawataka ETF nyingi za kule kuweka vilivyomo kila siku. Najenga hiyo sehemu sasa ila kila mmoja ana faili la muundo wake, huyu kaweka kichwa cha jedwali mstari wa kwanza, yule mstari wa kumi, mwingine kaweka koma ndani ya namba. Ni kazi ya kuparua samaki.

#18

Za Afrika je? Maana sio lazima wote twende Marekani.

#19 (mleta uzi)

SINA, hahaha. Afrika Kusini wako mbali, mfuko wa Satrix 40 upo kwenye soko la Johannesburg toka 2000, na NewGold ya dhahabu iliingia Nairobi 2017. Lakini hawamo EDGAR, na sitaki kuweka kitu ninachokwangua kwenye PDF alafu kikosewe. Nikipata data yenye tarehe na sarafu inayoeleweka nawaweka wa kwanza.

Laptopu ina asilimia 6 na umeme bado. Programu nzima ntaiweka wazi nikishafuta funguo zangu humo ndani, msiniharakishe, wiki iliyopita nusura niipandishe na nywila ya barua pepe.

#20

Mkuu samahani natoka nje ya mada, dagaa wa kichanja debe linaendaje huko? Wasio na mchanga tafadhali.

#21 (mleta uzi)

Njoo PM ntakupa namba ya mama mdogo. Ila ujue atakuuliza debe la nani.